Punje za Mama Zefania

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja kutoka Unyambwa na kichanga chake mgongoni, kinakohoa. Alipokishusha tu, harufu ikanifikia. Mafuta ya kondoo. Mama mkwe wake alikuwa amempaka mtoto kifua kizima mpaka shingoni, ananata. Nilitoka nje nikaenda kusimama katikati ya kuku wangu kama mtu aliyesahau alichokifuata.

Mimi si mtu wa kulia. Shule nilifika darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Nilicho nacho nimekitafuta kwa kuku. Nanunua minadani, napanga kwenye matenga, nasafirisha mpaka Dar es Salaam, na wenye vyeti vyao wananipigia simu kuniuliza kuku wamefikaje sokoni. Kwa hiyo nikisema harufu ilinitoa nje ya nyumba niliyoijenga mwenyewe, mjue halikuwa jambo dogo. Ninyi wa rika langu, mliopakwa mafuta yale na mkawapaka wadogo zenu, mtanielewa upesi kuliko hawa wengine.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tulikuwa tumehamishiwa kijijini muda si mrefu, upande wa Mtinko. Kabla ya hapo kila mji wa familia ulikaa peke yake na zizi lake, na jirani ulimjua kwa moshi wake tu. Ghafla tukapangwa kwa mistari kama mahindi, mlango unatazama mlango. Ukipika wanajua. Ukikohoa wanajua. Mkutanoni watu wazima walipiga makofi, wakirudi nyumbani wanateta kwa Kinyaturu, sauti chini, maana ukuta wa jirani ulikuwa pale pale.

Baba alibaki mbugani na ng'ombe. Nyumbani tulikuwa Bibi, yaani mama yake baba, na mama yangu, na mimi, na mdogo wangu Ntandu ambaye alikuwa hajaanza hata kukaa. Mbeleko ya Ntandu ilikuwa yangu. Mama alikuwa lazima aende shamba la ujamaa asubuhi kama wenzake wote, akirudi kunyonyesha jua likipanda, kwa hiyo mtoto alikuwa mgongoni kwangu tangu alfajiri. Niliota naye sugu.

Bibi alikuwa na jambo moja ambalo hakulivumilia hata kidogo, nalo ni kitu chenye uhai kuhesabiwa. Mbuzi wetu wakirudi jioni tulijua nani amepotea kwa rangi na pembe, si kwa idadi. Watoto ndiyo usithubutu kabisa. Balozi wa nyumba kumi alipokuja na daftari kuuliza tuko wangapi, Bibi alimwonyesha vigoda.

"Hesabu hivyo."

"Mama, nimetumwa kuhesabu watu. Viti vya nini?"

"Kila kigoda kina mwenyewe. Hesabu, andika, uende zako."

Balozi akahesabu vigoda. Tukaandikwa hivyo serikalini, na kimoja kilikuwa cha wageni.

Mlango uliotazama wetu ulikuwa wa mwanamke wa Kinyiramba aliyetokea upande wa Kiomboi. Alikaa peke yake. Aliitwa Mama Zefania, lakini Zefania mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Tulikuja kujua baadaye kwamba alikuwa kibarua wa reli kule Itigi, ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini siku zile jina bila mtoto lilikuwa linatutosha kabisa. "Zefania yuko wapi?" Bibi alikuwa akisema huku anapepeta mtama, halafu anajijibu kwa kuguna. Na mimi niliusikia mguno ule nikaujaza mwenyewe. Katika kichwa changu Zefania alikuwa ameliwa zamani na mama yake mwenyewe.

Kisha kikaja kipupwe. Mnaujua upepo wa Singida. Watoto mstari mzima walitokwa makamasi, mimi wa kwanza. Nilikohoa siku nne na Ntandu yuko mgongoni, nampigia chafya nikimgeuza, nambusu, nampulizia uji kwa mdomo wangu huo huo. Siku ya tano mafua yakawa yake. Leo mtu yeyote atawaambia yalitoka kwa nani. Siku zile hakuna aliyenitazama mimi. Nyumba nzima ilitazama mlango wa ng'ambo.

Kwanza ilikuwa pua tu. Baadaye kifua kikaanza kulia, sauti nyembamba kama filimbi ya mchunga mbuzi iliyoingia mchanga. Alikuwa akishika ziwa, ananyonya mara mbili, anaachia, anahema, analia, anashika tena. Mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta. Bibi alimpaka mafuta ya kondoo, akamlaza karibu na moto, akafunga mlango upepo usiingie. Moshi ukajaa tembe mpaka sisi wazima tukawa tunafuta macho.

"Ni kimeo," Bibi alisema. "Kimerefuka kinamziba. Aitwe mtu akikate."

Mama alikuwa bado binti, na mbele ya mama mkwe wake hakuwa na sauti. Alisema tu, "Mama, tungoje kidogo."

Ndipo asubuhi tukasikia hodi, na Mama Zefania akaingia kabla hajaitikiwa. Mama alikuwa ameruhusiwa kukaa na mgonjwa, lakini Mama Zefania alitakiwa shambani. Kutokwenda kulikuwa na adhabu, unaongezewa ngwe za kulima. Yeye hakwenda. Alikuja kukaa na mtoto ambaye si wake. Hata mimi mtoto nilijiuliza, huyu anataka nini?

"Shikamoo mama," akamwambia Bibi. "Kifua hiki nakisikia mpaka kwangu."

"Marahaba. Unakisikia kwa nini? Una kazi gani na vifua vya watu?"

Bibi aliongea Kiswahili kilichochechemea kwa Kinyaturu, na yule mama chake kilichechemea kwa Kinyiramba, lakini maneno mabaya yalifika yote.

"Nilifagia wodi ya watoto miaka mingi, mama. Kifua cha hivi nimekiona sana. Mtoeni kwenye moshi. Akae mlangoni, pale penye jua, mumkinge na upepo, kichwa kiwe juu."

"Nimtoe nje wapate kumwona vizuri?"

"Apate kuvuta hewa."

Mama hakungoja ruhusa. Alimbeba akampeleka mlangoni, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akifanya jambo bila kumtazama Bibi kwanza. Mama Zefania akachemsha maji, akaweka chumvi kidogo, akayaacha yapoe. Alitaka kumdondoshea mtoto puani kwa ncha ya kitambaa safi.

"Kunywa kwanza wewe," Bibi akasema.

Akanywa. Akajifuta mdomo. "Chumvi imezidi kidogo, mama. Nitaongeza maji."

Pua ikalainika, Mama akayanyonya makamasi kwa mdomo wake akatema, kama wanawake walivyofanya siku zote. Ntandu akanyonya kidogo. "Hivyo hivyo," Mama Zefania akasema. "Kidogo kidogo, mara nyingi. Akichoka mwachie, usimlazimishe. Mdomo ukigeuka bluu, au akikataa ziwa kabisa, hapo hatuna mjadala, tunatafuta lori twende hospitali."

Halafu akanigeukia mimi. "Dada wa Ntandu, nenda polepole mpaka kwenye kinu cha nyumba ya tatu, urudi polepole vile vile. Usikimbie."

"Nikalete nini?"

"Usilete kitu."

Nikaenda, nikarudi mikono mitupu. Kutumwa kitu kisichokuwapo kuliniudhi sana. Asubuhi ya pili akaja tena, akanituma tena kwenye kinu. Safari hiyo nilipofika nusu ya njia nikageuka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Ntandu, macho yameganda kifuani pake, na mkono wake unatoa punje za mtama kwenye pindo la kaniki na kuziweka chini. Kifua kikipanda, punje. Kikipanda tena, punje. Niliporudi alikuwa ameshazikusanya na kuzifunga kwenye kitambaa. Akaondoka nazo.

Alikuwa anazihesabu pumzi za mdogo wangu, na zaidi ya kuzihesabu, alikuwa anazibeba kwenda nazo kwake.

Sikusema siku hiyo. Nilitaka kwanza kuona anazifanyia nini. Siku ya tatu alikuja, nikatumwa kwenye kinu, nikarudi, akafunga punje zake, na safari hii uso wake ulikuwa na furaha. Furaha ile ndiyo iliyonimaliza. Alipokwenda kisimani nikamwachia Mama mtoto nikavuka njia, nikaingia nyumbani kwake. Hapakuwa na kitu. Mkeka, sufuria moja, bakuli jeupe la bati. Na kwenye nguzo, vitambaa vitatu vimening'inia, kila kimoja na fundo lake, vimepangwa kuanzia mlangoni.

Nilivifungua. Nikapanga punje chini kwa mistari, kila kitambaa mstari wake. Idadi nilijua, darasa la pili linatosha kwa hilo, lakini mpaka leo ulimi wangu hauitaji. Mstari wa kwanza ulikuwa mrefu. Wa pili mrefu zaidi. Wa tatu, wa asubuhi ile ile, ulikuwa mfupi, umekatika njiani.

Zilikuwa zinakwisha. Zile pumzi za Ntandu zilizobaki, ndizo hizo.

Nilizikusanya kila kundi kwenye kitambaa chake nikakimbia. Sikukimbilia nyumbani moja kwa moja. Njiani nilikutana na wanawake watatu wenye ndoo, nao waliniuliza nakimbia nini, nami nikawaambia. Niliwaambia yote, na mengine nikaongeza. Kisha nikamfikia Bibi, nikamwonyesha vitambaa, na Bibi hakuguna safari hii. Alikaa chini.

"Si nilisema? Si nilisema?" Halafu akasimama. "Nenda kamwite mkata kimeo. Sasa hivi. Tukimfungua koo tunaweza kumwahi."

Mkata kimeo alikuwa mzee mkavu wa mstari wa nyuma, mwenye kichuma chake kilichopinda ncha kama mundu mdogo, amekiviringisha kwenye ngozi. Alikuja akitembea kama mgeni wa heshima. Alitazama kwanza banda, ndipo akamtazama mtoto.

"Yule jogoo mwekundu," akasema.

"Utampata," Bibi akajibu.

Akakaa akaanza kunoa. Mama alikuwa amemkumbatia Ntandu mlangoni, amemgeuzia mzee mgongo. Alikuwa analia bila sauti. Nilifurahi, nawaambia ukweli. Nilijiona mimi ndiye niliyemwokoa mdogo wangu.

Mama Zefania akatokea na ndoo kichwani. Akaona kichuma, akaona vitambaa vyake mkononi mwa Bibi. Akaitua ndoo taratibu.

"Pumzi za mjukuu wangu ulikuwa unazipeleka wapi?" Bibi akamuuliza.

"Pumzi haibebeki, mama. Huo ni mtama."

"Usinifanye mtoto! Juzi nyingi, jana nyingi, leo zimepungua. Mjukuu wangu amebakiwa na ngapi?"

Yule mama alimtazama Bibi, halafu akaanza kucheka, kisha akajizuia kwa mkono kwa sababu aliona mzee hajaacha kunoa. "Mama, zimepungua kwa kuwa anapona. Wauguzi walikuwa wakitazama saa na kifua cha mtoto. Mimi saa sina. Saa yangu ni huyu binti, akienda kwenye kinu na kurudi."

"Pumzi zinapungua halafu mtu anapona?" Mkata kimeo akacheka bila kuinua kichwa. "Mimi nilidhani wanaoishiwa pumzi tunawazika."

"Wewe mzee noa chuma chako. Naongea na mwenye mtoto."

"Mama," Mama yangu akasema, na sote tukageuka. "Mama, ananyonya. Tangu ameondoka huyu dada asubuhi, ananyonya haachii."

Bibi akatazama. Ntandu alikuwa ameshika ziwa, mashavu yanafanya kazi.

"Mama," Mama Zefania akasema, sasa kwa upole, "mtu akikimbia anahemaje? Huyu mtoto alikuwa anakimbia amelala. Leo amepunguza mbio. Hutaki kuniamini, usiniamini. Chukua huyu msichana wako, mtume akimbie mpaka zizi la kijiji na kurudi, kwa nguvu zake zote. Halafu keti mwenyewe mbele yake uweke punje. Sikwambii uhesabu. Weka tu, kila kifua kikipanda."

Bibi alivitazama vitambaa vilivyo mkononi mwake. Kwake yeye lile lilikuwa jambo kubwa kuliko kichuma. Mwishowe akanipungia mkono. "Kimbia."

Nikakimbia. Niliporudi nilikuwa nimekwisha, mate yamekuwa mazito. Wakaniketisha.

"Na saa?" Bibi akauliza. "Saa yako ndiyo hii inahema hapa."

Mama Zefania akamgeukia mkata kimeo. "Mzee, tusaidie. Nenda polepole mpaka kwenye kile kinu, urudi."

"Mimi?"

"Miguu si unayo?"

"Nimekuja kukata kimeo. Sikuja kutembelea vinu vya watu."

"Mzee, nenda!" Bibi akamfokea, naye akaenda, ananung'unika, mikono nyuma. Bibi akakaa mbele yangu, uso wake karibu na wangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaweka punje kwa uhai wa mtu. Kifua changu kilikuwa kinapanda na kushuka upesi mpaka akawa anachelewa.

Tukangoja nikapoa. Nikanywa maji. Mzee akatumwa tena kwenye kinu, sasa watoto wa jirani wanamfuata nyuma wakimwigiza mwendo, na Bibi akaweka mstari wa pili kando ya ule wa kwanza. Ulikuwa mfupi. Ulikuwa chini ya nusu yake, na mimi nilikuwa nimekaa pale mzima, sijafa, ninajikuna goti.

Bibi aliitazama mistari ile miwili. Kisha akafungua vitambaa vya Mama Zefania, kimoja kimoja, akapanga punje za Ntandu chini yake. Hakuna aliyetaja idadi. Alipomaliza akamwambia mkata kimeo, "Mchukue jogoo wako uende."

"Sijakata."

"Ndiyo nakulipa kwa hilo."

Nyumbani kwetu mambo yaliishia hapo. Siku chache baadaye filimbi ikatoka kifuani, kikohozi kikabaki kama kinavyobaki, na Ntandu akarudi mgongoni kwangu. Ningekuwa mwongo ningewaandikia kwamba kijiji kizima kilimshukuru yule mama.

Wale wanawake watatu wa ndoo walikuwa wameshafika makwao. Maneno yangu yalikuwa yameenda mstari wa mbele, mstari wa nyuma, mpaka kwa balozi. Bibi angeweza kuyafuta kwa kusimama mkutanoni mara moja. Lakini angesimamaje aseme kwamba yeye mwenyewe ameweka punje? Akanyamaza. Mama hakuwa mtu wa mkutano. Nami, mwenye maneno yangu, nilikuwa mtoto, na hilo ndilo nimekuwa nikijitetea nalo miaka yote hii. Nilikuwa na miguu ya kupeleka uongo nyumba kwa nyumba. Ya kuurudisha sikuwa nayo.

Nyumba ya saba kulikuwa na mtoto wa rika la Ntandu. Alishikwa kifua vile vile. Mama Zefania alipiga hodi, wakafunga mlango. Akapiga tena, wakamwagia majivu kizingitini. Mzee akaitwa na kichuma chake, na pale hakutembezwa kwenda kwenye kinu. Mtoto alivuja damu siku moja na kidogo. Tulipotoka makaburini, wanawake hawakumtazama yule mzee. Walitazama mlango wa ng'ambo, wa Mama Zefania.

Hawakumpiga. Nawaambia hivyo kwa sababu najua mnawaza. Waliacha tu kumwitikia salamu. Kisimani akifika, ndoo zote zinasogea. Balozi akamwongezea ngwe kwa siku zake tatu za utoro, zile alizokaa mlangoni kwetu, naye akazilima peke yake, na mimi nikimwona kila jioni akirudi na jembe, sikuvuka njia hata kwa kibuyu cha maji.

Akaondoka asubuhi moja, mkeka kichwani, sufuria na bakuli vimefungwa ndani yake. Alipita kwetu. Bibi alikuwa ndani, nilimsikia akihamisha kigoda, hakutoka. Mama akatoka, akampa yai moja la kuchemsha la njiani, wakashikana mikono yote miwili.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na Ntandu mgongoni. Mama Zefania akaja mpaka karibu. "Haya, dada wa Ntandu," akasema, akatabasamu, na macho yake yakateremka, kwa mazoea tu, kwenda kwenye mbavu za mtoto.

Nikavuta mbeleko juu nikamfunika.

Aliniona nikifunika. Akasimama kidogo, kama mtu anayengoja nibadilishe mawazo, halafu akajitwisha vizuri mkeka wake na kushika njia ya Kiomboi.